Maji ya Masika Nyuma ya Nyumba Yetu

Mtu akiniomba ushauri wa kununua kiwanja huku Malindi, humwambia asubiri akakione mwezi wa Mei. Januari kaskazi inavuma, jua limekausha kila kitu, na viwanja vyote hufanana: mchanga mkavu, nyasi za manjano, mwarobaini mmoja wa kivuli. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu, na ndipo ardhi inapojitaja. Utaona maji yanatoka wapi, yanapita wapi, yanatuama wapi, na ni nyumba ya nani iliyokaa juu ya njia yake.

Sisi hatukuchagua. Kiwanja chetu ni cha familia, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya kwenda Ganda, mahali ambapo ardhi inateremka polepole kuelekea bondeni. Nyuma ya nyumba nina kishamba cha mboga: mchicha, bamia, biringani, kunde, mipapai kadhaa na migomba kando ya ukuta. Kila masika nusu ya chini ya kishamba hicho ilikuwa inageuka dimbwi. Maji yalikaa mpaka yakaota ukungu wa kijani. Mchicha uligeuka manjano ungali mdogo, na mipapai ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Mpapai hauvumilii maji yaliyosimama hata kidogo. Mizizi yake ikizama siku mbili hivi, majani hulegea na kuning'inia sawasawa na ya mti wenye kiu, na mtu asiyejua huchukua ndoo akaenda kuumwagilia.

Naeleza jambo hili kwa urefu kwa sababu naona majirani wengi wanapoteza fedha zao. Dimbwi likitokea, wazo la kwanza huwa kuita lori la kifusi. Kifusi hakiondoi maji, huyahamisha tu. Ukiinua kwako yanakwenda kwa jirani, jirani naye akiinua kwake yanarudi, na mwishowe nyua zote zimepanda na maji yamebaki kuzunguka kwenye misingi ya nyumba. Tena kifusi cha nyumba zilizobomolewa kimejaa saruji na chokaa. Ardhi yetu ya pwani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ina chokaa ya kutosha tayari. Ukiizidisha, mimea hushindwa kupata madini ya chuma, majani yanakuwa ya manjano yenye mishipa ya kijani, hata kama maji yameshaondoka.

Aliyetuzuia sisi ni mavyaa wangu. Alitukuta mimi na baba watoto tunahesabu bei ya malori, akatuuliza, "Wanangu, hayo maji mmeshayaona yanavyoingia, au huyaona yakishakaa tu?"

Hatukuwa na jibu. Na swali hilo ndilo lililoongoza kazi yote iliyofuata.

Mvua kubwa iliyokuja tulitoka nje, kila mtu na mwavuli wake. Watoto walipewa kuangalia paa, baba watoto akasimama langoni, mimi nikabaki kishambani. Haikupita nusu saa tukawa tumeshayatambua maji ya aina tatu.

Ya kwanza yalitoka juu ya nyumba yetu wenyewe. Paa letu ni la mabati na linafunika kama mita 10 kwa 9. Hesabu ya maji ya paa ni nyepesi na kila mwenye nyumba anapaswa kuijua: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuileta kwa siku moja, kwenye paa la mita za mraba 90 ni lita 4,500. Hiyo ni mitungi 225 ya lita 20. Nusu yake ilikuwa inamwagika upande wa nyuma, moja kwa moja kwenye kichwa cha kishamba changu.

Ya pili yalitoka barabarani. Barabara ya mtaa wetu imeongezwa changarawe mara nyingi, na kila ikiongezwa inapanda, hata sasa iko juu kuliko nyua za watu. Maji yake yaliingia chini ya lango letu, yakapita ubavuni mwa nyumba yakiwa na rangi nyekundu, yakaenda kukutana na ya paa huko nyuma.

Ya tatu ndiyo mvua inayoanguka kishambani penyewe. Hiyo haikwepeki. Lakini ukiitazama peke yake, bila zile mbili, ilikuwa mvua ya kawaida ambayo udongo ungeweza kuibeba. Jambo hilo lilitupa moyo sana. Sehemu kubwa ya dimbwi haikuwa imetoka kishambani, ilikuwa imeletwa.

Mvua ilipokatika tulichimba shimo ili tujue chini kuna nini. Juu tulikuta mchanga wa kahawia unaopitisha maji vizuri, kina chake kama sentimita 30. Baada ya hapo jembe likabadilika sauti. Tulikuwa tumefika kwenye udongo wa mfinyanzi wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, na ulinuka mayai viza. Dalili hizo zina maana. Rangi ya kijivu ni ya udongo unaokosa hewa kwa majuma mengi kila mwaka. Madoa ya kutu ni chuma kilichopata hewa kidogo, mara nyingi pale mizizi ya zamani ilipopita. Harufu ile hutoka kwa vijidudu vinavyoishi bila hewa. Ukitaka kuhakikisha kama ni mfinyanzi, lowesha donge, ulisokote mkononi kuwa kamba nyembamba, kisha uizungushe kidoleni. Isipokatika, mfinyanzi umo mwingi.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji fundi. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana huohuo, ulijaze maji, uyaache yaishe, kisha ulijaze tena, na hapo ndipo uanze kupima. Mara ya kwanza haihesabiki kwa sababu udongo mkavu hunywa. Yakishuka sentimita 2.5 hadi 7 kwa saa, mboga nyingi zitastawi. Yakishuka chini ya sentimita 2.5, mizizi itapata taabu. Kwetu, shimo lililoishia kwenye mchanga lilikauka bila shida. Lile lililofika kwenye mfinyanzi, tulikwenda sokoni tukarudi tukakuta maji yako palepale.

Hapo picha ikakamilika. Mvua inazama mchangani, inafika juu ya mfinyanzi, inakosa pa kushukia, basi inatembea chini kwa chini kufuata mteremko mpaka inatokeza sehemu ya chini ya kishamba. Ndiyo sababu dimbwi liliendelea kujaa hata siku ambazo mbingu zilikuwa nyeupe. Na mizizi iliyozama haifi kwa wingi wa maji, inakufa kwa kukosa hewa. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, kama mara 10,000 chini ya mwendo wake hewani. Mti unakuwa umezungukwa na maji na huku mizizi yake haina nguvu ya kuyavuta.

Jirani yetu mmoja, mzee wa Kigiriama aliyezaliwa hapahapa, alikuja kuliangalia shimo letu. Hakuonyesha mshangao wowote.

"Hapa watu walikuwa wakipanda mpunga, mama," aliniambia. "Nyinyi mmejenga kandoni mwa shamba la mpunga."

Akachukua bakora yake akatutembeza. Njia ya maji ya zamani, alisema, inaanzia kwenye ile miembe ya juu, inapita nyuma ya kwetu, inavuka pale ilipo barabara sasa, kisha inaingia bondeni. Alituonyesha mahali ilipokatwa na ukuta wa jirani mmoja, na mahali ilipozikwa wakati barabara inainuliwa. Huwezi kuyajua hayo kwa kuchimba. Mafundi waliokuja baadaye na vipimo vyao walithibitisha karibu kila alichosema mzee, na mimi nimekuwa nikiwasihi wenzangu waanzie kwa wazee wa mtaa kabla ya kulipa mtu yeyote. Nyingi za sehemu hizi zilikuwa na majina ya mabonde na maziwa ya msimu ambayo vijana hawayatumii tena, na anayejenga leo hajui kwamba amejenga ndani ya ziwa.

Tulianza na paa. Tulifunga gata pande zote mbili, tukaweka tangi la lita 5,000 juu ya msingi wa mawe, na tukaacha mahali pa kumwagia nje maji ya mvua ya kwanza, yale yanayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege. Kitu ambacho watu wengi hawakiulizi ni hiki: tangi likijaa, maji ya ziada yatakwenda wapi? Kwa hesabu ile ya milimita 50, tangi letu linajaa kwa mvua mbili nzito na masika bado ni mabichi. Basi bomba la kufurikia tulilielekeza mapema kwenye mtaro tuliokusudia kuuchimba, siyo kwenye ukuta. Msimu huohuo, kabla hatujagusa udongo wa kishambani, dimbwi lilichelewa kujaa na likabaki kwenye pembe moja.

Maji ya barabarani hayakutusumbua sana kuyazuia. Tulijenga kizingiti kifupi cha zege kukata upana wa lango, gari linapita juu yake bila shida, na ndani kidogo tukachimba kingamaji, mtaro mdogo wa wazi, kando ya ukuta ili kinachopenya kirudi kwenye mtaro wa barabara.

Kazi kubwa ilikuwa mtaro wa kokoto. Huu hauchimbwi katikati ya dimbwi, ingawa macho yanakuvuta huko. Unachimbwa juu yake, kukata mteremko, ili uyakamate maji yanayotembea juu ya mfinyanzi kabla hayajafika kwenye mboga. Na lazima ushuke hadi uingie kidogo ndani ya mfinyanzi wenyewe. Ukiishia mchangani, maji yatapita chini ya mtaro yakaendelea na safari yake. Wa kwetu una upana wa sentimita 30 na kina kati ya 50 na 70, urefu kama mita 18.

Mteremko ndio roho ya mtaro. Kiasi kinachotosha ni sentimita moja kwa kila mita, kwa hiyo kwenye mita 18 mwisho uwe chini kuliko mwanzo kwa sentimita 18. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo, na pimamaji fupi ya mwashi hudanganya kwenye urefu mkubwa. Fundi wetu alitumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji bila kuacha povu la hewa, akaufunga kwenye vijiti viwili. Maji ndani ya mpira husimama usawa mmoja huku na huku hata kama vijiti viko mbali, kwa hiyo anapima kutoka kwenye usawa huo kwenda chini na kujua ameshuka kiasi gani. Kifaa hicho ni cha bei ndogo na kinakubali hata kwenye kona. Kijana mmoja aliyekuwa akisaidia alitaka tuuteremshe zaidi ili maji yakimbie. Mzee akamkataza, akamwambia aende kwenye daraja la mto Sabaki mwezi wa Mei akayaone maji yanayokimbia yamebeba nini. Kila mtu wa Malindi anaijua rangi ile nyekundu inayoingia baharini: ni mashamba ya bara yanayopita mbele yetu. Hii mitaro midogo ya wazi nayo, kama kile kingamaji cha langoni, ikiteremka sana hula kingo zake na kuondoka na udongo wako mzuri.

Chini ya mtaro tulilaza kokoto kidogo, kisha bomba la PVC la inchi 4 lililotobolewa matundu. Matundu yanatazama chini. Watu wengi wanadhani yatazame juu ili maji yaingie, lakini maji ndani ya mtaro huanza kujaa kutoka chini, na matundu yakiwa chini yanayapokea mapema kabla hayajapanda. Juu ya bomba tukajaza kokoto, tukafunika kwa magunia ya mbolea yaliyofumwa kwa nyuzi za plastiki, tuliyoyafumua na kuyaosha, ili maji yapite na udongo ubaki. Halafu mchanga mzito, halafu udongo wa juu.

Kuhusu kokoto nina maneno. Hapa pwani mawe rahisi ni ya matumbawe, na vipande vyake viko kila palipojengwa. Ni mawe laini, hukatika na kutoa unga, na unga huo ndio unaoziba mtaro. Nunua kokoto za jiwe gumu na uzioshe kabla ya kuzimwaga. Pia tulishauriwa tujaze makumbi ya nazi badala ya kokoto, kwa sababu yapo tele na hayana bei. Makumbi hunywa maji na kuyashika. Kusini mwa India wakulima wa minazi huyazika ardhini kwa makusudi, ili yahifadhi unyevu wa kiangazi. Kitu kinachohifadhi unyevu hakina kazi ndani ya mtaro wa kutoa maji, na baada ya muda kinaoza, mtaro unadidimia. Makumbi yetu tunayatumia juu ya matuta wakati wa jua, na huko yanafaa sana.

Sasa maji yameshakamatwa. Yaende wapi? Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, na nadhani ndipo kila mtu anapaswa kukaa.

Rahisi ilikuwa kuyaachia kwenye mpaka wa chini. Maji hufuata mkondo, yangeshuka yenyewe. Lakini chini yetu kuna jirani mwenye watoto, banda la mbuzi na choo cha shimo. Choo cha shimo kikijaa maji ya mvua kinatapika, na kinachotapikwa kinaingia visimani. Alipoona tunachimba alikuja, akasimama mpakani, akauliza kwa upole, "Mama, hayo maji mkiyaleta kwangu, mimi nitayapeleka wapi?" Baba watoto akamjibu kwamba hatutayaelekeza popote kabla ya kukaa pamoja naye. Tukakaa, chai ikaletwa, na mzee akaitwa.

La pili lilikuwa kuchimba shimo refu la kunyonya maji, tuutoboe mfinyanzi mpaka kwenye matumbawe. Fundi alituhakikishia kwamba maji yangezama mara moja, na alikuwa sahihi, mwamba wa matumbawe una nyufa na mapango madogo kila mahali. Mavyaa ndiye aliyesimamisha shauri hilo. Kisima kinachotumiwa na nyumba kadhaa za mtaa wetu kiko karibu na hapo. Maji yanayopita mchangani huchujwa njiani, lakini yanayoingia kwenye nyufa za mwamba hufika yalivyo, pamoja na kila yalichobeba. Watu wanayanywa yale. Kama kiwanja chako kina nafasi, na visima na vyoo viko mbali, na unachoingiza ni maji ya mvua safi tu, si ya kufulia wala ya jikoni, shimo la kunyonya ni dawa nzuri. Kwetu halikufaa.

Ikabaki njia ya zamani ya mzee, inayovuka barabara. Chini ya barabara kuna kalvati, na kalvati lilikuwa limezibwa na mchanga, chupa na makuti yaliyooza. Tulikwenda kwa mzee wa mtaa, naye akaitisha nyumba zote ambazo maji yake yanapita pale. Wengine walikuwa hawajui kwamba kalvati lipo. Vijana walitoa taka, wanaume wakachimba mchanga, sisi wanawake tukapika, na wale ambao hawakuweza kuja walichanga. Bomba letu likaunganishwa na mtaro wa barabara, na jirani wa chini akapata nafasi ya kuunganisha maji ya uani kwake pia. Nyumba zilizofaidika na kazi hiyo ni nyingi kuliko zile zilizokuwa na dimbwi la kuonekana. Kuta zilizokuwa zikipanda unyevu mpaka rangi inabanduka zimekauka.

Kishambani nimeinua matuta. Kila tuta lina upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka upande wowote bila kukanyaga, na kimo cha sentimita 30 hadi 40. Udongo nilioujazia ni ule wa juu uliochotwa kwenye njia, ukachanganywa na samadi ya mbuzi na majani yaliyooza. Kingo zake ni magogo ya mnazi uliozeeka. Kuna ushauri unaozunguka kwamba mfinyanzi unaponywa kwa kuumwagia mchanga. Usifanye hivyo. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hujaza mianya, na vikikauka pamoja vinakuwa kitu kigumu ambacho hata jembe linakataa. Kinachoufungua mfinyanzi ni mboji, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu minyoo na mizizi huingia na kuuachia njia za hewa. Na udongo uliolowa usiukanyage wala usiulime. Finya donge: likivunjika kwa kidole, lima, likinata, ngoja.

Mimea nimeipanga kwa kufuata maji. Mipapai, biringani na pilipili ziko juu kabisa. Bamia na kunde matuta ya kati. Migomba iko chini kidogo, kwa sababu inapenda unyevu ila haipendi maji yaliyolala. Pembe ile ambayo bado huwa na tope wiki za mvua nimeiachia majimbi, na majimbi yamefurahi.

Nizungumzie mbu kidogo, maana nina watoto. Katika joto letu yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Dimbwi linalokaa majuma mawili ni kiota. Lakini tangi lisilofunikwa nalo ni kiota, na hilo watu hulisahau. Mwaka 2004 wenzetu wa Lamu walipopatwa na mlipuko wa chikungunya, ulikuwa ni wakati wa ukame, na mbu walizaliana kwenye maji ya akiba yaliyowekwa majumbani. Kwa hiyo kifuniko cha tangi letu kinafungwa, mdomo wa bomba la kuingizia na wa kufurikia yote ina wavu mdogo, na gata hazina mahali maji yanapolala.

Vuli ya 2023, mwaka ule wa El Niño, ilikuwa ndiyo mtihani. Mvua zilipita kiasi, na kishambani maji yalisimama kati ya matuta. Lakini mvua ikikatika jioni, asubuhi njia zilikuwa zinaonekana, na mipapai haikulegea. Nilipoteza mchicha wa tuta moja. Huko nyuma ningepoteza kishamba chote na mbegu za msimu unaofuata.

Na kaskazi ilipokuja baada ya hapo, nilimwagilia kwa maji ya tangi. Hili ndilo linalonigusa zaidi. Mei tunalia na maji, Februari tunayanunua kwa mtungi, na ni maji yaleyale ya paa letu. Nyumba iliyopeleka yote baharini inaanza kuhangaika upya kabla kiangazi hakijafika nusu. Ningekuwa na fedha za kitu kimoja tu, ningeanza na gata na tangi, mtaro ungefuata mwaka mwingine.

Kila Machi, kabla ya masika, tunafagia gata, tunafungua kifuniko cha mwanzo wa bomba na kulisukuma maji kwa nguvu hadi yatoke safi upande wa pili, tunaangalia kama magunia yametokeza mahali udongo umeshuka, halafu nyumba zote tunakwenda kalvatini. Jirani wa chini huwa wa kwanza kufika. Amepanda majimbi na miwa kando ya mtaro, upande wake wa barabara, na hataki maji yake yaje na chupa.